Kuna mtu kaniambia "inama, unaziba" nikiwa NDANI YA KABURI

Mtu_wa_Mikindani (mleta uzi)
Wakuu, natoka makaburini sasa hivi, udongo bado umo kwenye kucha. Simtaji jina. Wa Mtwara mnamjua, na wa Lindi mnamjua maana hata huko kashakuja kuzika watu asiowajua. Yule wa laivu za misiba, mwenye taa ya duara. Yule anayefika msibani kabla ya sanda.

Tunamzika mjomba wangu, tumbo moja na mama. Kwetu huku mjomba ndo mwenye ukoo, sina haja ya kueleza. Nimeshuka kaburini na wenzangu wawili tupokee maiti. Shuka limetandwa juu, watu kimya. Mimi niko upande wa kichwa. Mara nasikia: "Anko, inama kidogo, unaziba."

Nikadhani namziba anayeteremsha. Nainua uso, nakutana na simu. Kaipenyeza chini ya shuka! Shuka lenyewe limewekwa ili watu wasione!

Naziba nini? Maiti yangu, kaburi nimechimba mwenyewe kwa sururu ya kuazima, halafu naziba?

Na hakuishia hapo. "Gongeni skrini jamani, mjomba anashuka! Asante kwa ua, bosi wangu wa Muscat!" Hayo maua hayafiki kaburini, yanaishia kwa mwenye simu. Tumeshafukia, mwalimu anasoma talakini huku, yeye anasoma komenti kule, tena yeye ndo mwenye sauti. Watu hatujui tuitikie amina ya nani.

Mama yangu mdogo yuko Nachingwea, kifo cha kaka yake kakiona kwenye stori ya mtu, picha ya mshumaa na wimbo juu. Sisi wenyewe hata kidevu hatujamfunga marehemu! Hilo nalo nimemeza. Lakini "inama, unaziba"? Nimesimama kaburini?

korosho_ghafi
Pole mkuu. Ila hiyo laivu niliiona. Kweli ulikuwa unaziba.

Bibi_Shangani
Pole na msiba mwanangu. Hata mimi nimeona kwenye simu ya mjukuu. Kisogo kitupu. Watoto wananiuliza, bibi, huyo mwenye upara ni nani?

Mtu_wa_Mikindani
Shikamoo bibi. Upara unaingiaje hapa?

Mtani_wa_Masasi
Zamani mwenye ruhusa ya kufanya upuuzi makaburini alikuwa mtani. Mimi ndo nilitakiwa niingie humo kaburini, nilale, nidai hela ndo nitoke. Huyu kaninyang'anya kazi na hajanipa hata buku.

Niko_Mbagala
Mnamtukana bure. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika Somanga, mama yangu mdogo kafia Kilwa, mimi niko huku na nauli mkononi. Nimemzika kwenye simu. Aliyeishika alikuwa mpwa wangu, analia mpaka picha inatetemeka. Bila hiyo laivu ningeona nini?

Mtu_wa_Mikindani
Mpwa wako alilia. Huyu wangu kasema NAZIBA.

Kisiki_Newala
Mwezi huohuo nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikagoma nchi nzima. Tulizika mtu siku hizo, nikasikia talakini mwanzo mpaka mwisho. Kumbe ndefu vile!

MamaWawili_Lindi
Afadhali wewe umeambiwa unaziba. Kwenye grupu la ukoo wetu mhazini anabandika orodha ya michango kila asubuhi, asiyetoa anawekewa alama nyekundu mbele ya jina. Mume wangu kawekewa nyekundu kwenye msiba wa mama yake mzazi! Wakwe wote wamo humo. Kuna mmoja kaweka na kikatuni kinacheka.

Niko_Mbagala
Kwani alikuwa katoa?

MamaWawili_Lindi
Alitoa mbuzi. Mhazini anasema mbuzi hasomeki kwenye simu.

korosho_ghafi
Mbuzi angalau unamwona. Bei ya korosho ya 2018, ile 3,300 kwa kilo aliyotangaza Magufuli, tuliisikia redioni kijiji kizima, hata mlevi aliielewa. Siku hizi mnada uko kwenye mfumo, hela inapita benki, meseji inaingia usiku wa manane kwamba umelipwa. Ukienda kutoa, unakuta makato hata katibu wa chama chetu cha ushirika hayajui, ananiambia "ni mfumo huo". Mfumo una sura gani nikautafute?

Mtani_wa_Masasi
Zako zilikuwa daraja la pili, usisingizie mfumo.

korosho_ghafi
Daraja la pili ni wewe na ukoo wako.

Mtu_wa_Mikindani
Wakuu, turudi kwenye mada. Nilikuwa NDANI YA KABURI.

Bibi_Shangani
Tumekusikia mwanangu, uliziba, yamekwisha. Hivi meseji ya salfa, dawa ya mikorosho, imeshakuja huko kwenu? Kwenye kitochi changu naona visanduku visanduku tu.

Kisiki_Newala
Bibi, futa meseji za zamani, simu imejaa.

korosho_ghafi
Meseji mimi ninayo. Nimempelekea karani, kasema mtandao unasumbua, nirudi Jumatatu. Na huku kupuliza wenzangu wameshaanza.