Mjadala: Mofini ya maji ishuke hadi vituo vya afya vya Tanga, au ibaki hospitali kubwa?

Mleta mada, Makorora
Wadau wa Tanga, tujadili bila matusi. Mofini ya maji, ile ya kunywa anayopewa mgonjwa wa saratani, ishushwe hadi vituo vya afya na zahanati, na muuguzi aliyesomea tiba shufaa, yaani ya kumtuliza maumivu mgonjwa mahututi, aruhusiwe kuiandika mwenyewe? Au ibaki hospitali kubwa na daktari wake?

Mimi nasema ishuke. Mtu wa Mlalo, kule Lushoto, ambaye saratani imeshaingia mifupani hawezi kupanda basi kila chupa inapokwisha. Anachopata karibu ni panado na sindano ya diklofenaki. Na dawa yenyewe haina makuu: ni unga unaochanganywa na maji, hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, wanafanya hivyo. Shirika la Afya Duniani limeiweka mofini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu orodha ya kwanza ya 1977. Lakini tume ya jarida la tiba la Lancet, ripoti yake ya 2017, ilikuta kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zinapata tani 0.1. Wakati ule na sisi tulikuwa humo. Uganda walibadili kanuni 2004, wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuiandika. Sisi tunangoja nini?

Kijana wa Chuda
Kaka, unakaa Tanga ipi? Unga wa heroini umetumalizia rika zima. Nimesoma na watu ambao leo wanapanga foleni ya methadoni, dawa ya kuwatoa kwenye unga, kila asubuhi, na hao ndio wenye bahati. Heroini inatengenezwa kwa mofini hiyohiyo. Halafu unataka chupa zake zikae kwenye zahanati ambayo hata glavu zinapotea?

Marekani nako walianza kwa huruma. OxyContin, kidonge cha jamii ya mofini, iliingia sokoni 1996, madaktari wakaambiwa uteja ni nadra. 2007 kampuni ya Purdue iliyoitengeneza ikakiri mahakamani kwamba ilipotosha watu. Maiti walikuwa hawahesabiki tena. Msituletee.

Nesi mstaafu, Muheza
Mwanangu wa Chuda, hofu yako ina msingi na sitaidharau. Ila umechanganya mambo mawili, na hata wahudumu wenzangu wengi huyachanganya.

Ukijikwaa kidole unapata maumivu mara mbili: kwanza mchomo mkali, halafu sekunde moja baadaye ule uzito unaounguza. Ni neva za aina mbili. Moja inakimbiza taarifa kwa kasi ya mita kumi na zaidi kwa sekunde, nyingine inajikokota kwa mita moja hivi. Zote zinaingia kwenye uti wa mgongo, na hapo ndipo pana mambo. 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba uti wa mgongo una kama lango, linaloweza kufunguliwa au kubanwa na taarifa nyingine za mwili na amri zinazoshuka kutoka kwenye ubongo. Baadhi ya vipande vya maelezo yao vimerekebishwa tangu hapo, lakini wazo limesimama. Ndiyo maana mtu akigonga goti analisugua.

Mofini inafanya kazi hapo kwenye uti na juu kwenye ubongo, kwa kukaa kwenye vipokezi vilivyogunduliwa 1973. Watu wakajiuliza, mwili una vipokezi vya utomvu wa mmea kwa kazi gani? 1975 jibu likatoka Aberdeen, Uskoti: mwili unatengeneza dawa yake ya jamii hiyo, enkefalini. Yaani hatumwingizii mgonjwa kitu kigeni kabisa, tunamsaidia pale dawa ya mwili wake mwenyewe isipotosha.

Sasa uteja. Heroini ya kudunga au kuvuta inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na ule mshtuko wa raha ndio unaomfunga mtu. Mofini ya kunywa inapanda taratibu, na tunaitoa kwa saa, kila baada ya saa nne, ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Mwili utaizoea, ni kweli, na ukiikata ghafla atatetemeka, kwa hiyo ikibidi kuacha tunapunguza kidogo kidogo. Kuzoea huko siyo uteja. Teja anatafuta dawa huku maisha yanaharibika. Mgonjwa akipata dozi yake anaamka, anakula, anauliza wajukuu wako wapi.

Ustadh wa Pangani
Assalaam alaykum. Tusisahau kwamba Muislamu hachomwi hata na mwiba ila hufutiwa dhambi. Subira ina malipo. Nisieleweke kwamba nazuia dawa, Mtume (SAW) amesema hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila dawa yake. Ninachohofia ni mgonjwa kuzubaa akashindwa kutamka shahada.

Nesi mstaafu, Muheza
Waalaykum salaam shekhe wangu. Usingizi huwapo siku mbili tatu za mwanzo, halafu hupungua. Nimewaona wanaoshindwa kutamka neno kwa sababu ya maumivu. Hao ni wengi zaidi.

Mzee wa katani, Korogwe
Mimi siyo mgonjwa wa saratani. Nimebeba katani tangu ujana, mgongo huu haulali. Kama dawa hiyo inakuja kituo cha afya, na sisi tuandikeni.

Mwanafunzi wa udaktari, Raskazone
Shikamoo mzee. Hapana, na hapa namuunga mkono Kijana wa Chuda kwa nusu.

Maumivu yanayodumu miaka hayafanani na ya jeraha. Neva zikipiga kelele muda mrefu, uti wa mgongo na ubongo vinajirekebisha vikawa vyepesi kuwaka, hata kidonda kikiwa kimepona au hakipo tena. Dawa za jamii ya mofini hazisaidii sana huko. Mwaka 2018 Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 240 wa mgongo, nyonga na goti waliofuatiliwa miezi kumi na miwili: waliopewa dawa hizo hawakufanya kazi zao vizuri kuliko waliopewa dawa za kawaida, na madhara walipata zaidi. 2023 Australia wakajaribu kwa maumivu mapya ya mgongo na shingo, dawa ikashindwa kuipita ile ya bandia, isiyo na kitu ndani. Msiba wa Marekani ulipata nguvu palepale, kwenye migongo na magoti ya watu ambao wangeishi miaka arobaini mbele. Hali hiyo siyo ya mgonjwa wa Mlalo anayezungumziwa hapa.

Wewe mzee, mazoezi unayoelekezwa na mtaalamu, kutembea hata kama panauma kidogo, na kuacha sindano za diklofenaki za kila wiki, zinakula figo.

Mzee wa katani, Korogwe
Marahaba. Kutembea! Nimetembea maisha yangu yote.

Mama Ngamiani
Mie nauliza, huyo anayeandika dawa atajuaje kama mtu anaumwa kweli? Mashine za kupiga picha ubongo hazisemi?

Mwanafunzi wa udaktari, Raskazone
Hazisemi hivyo, mama. 2013 watafiti wa Marekani walionyesha alama fulani kwenye picha za ubongo inayolingana na maumivu ya joto kwa watu wazima wazima waliojitolea. Kazi nzuri, lakini joto la maabara siyo saratani ya mfupa, na picha haiwezi kuwa hakimu wa kumwambia mtu anasingizia. Hata sasa kipimo ni kumuuliza mgonjwa na kumwamini. Asiyeweza kusema tunamwangalia uso. Watoto wachanga ndio walioonewa: hadi miaka ya 1980 huko kwenye mahospitali makubwa ya Ulaya na Marekani walikuwa wakipasuliwa bila ganzi ya kutosha, eti hawasikii.

Kuna jaribio moja la 2011 kutoka Oxford ambalo ningependa kila nesi wa zamu alisikie. Watu walichomwa kwa joto mguuni huku dripu inaingiza dawa kali ya jamii ya mofini, kipimo kilekile. Walipoambiwa dawa imeanza kuingia, nafuu ikawa karibu mara mbili ya ile waliyopata bila kuambiwa. Walipoambiwa imesimamishwa, kumbe bado inaingia, nafuu ikatoweka, na picha za ubongo zikaenda sambamba na walichosema. Sasa fikirieni zile "jikaze bwana, mbona wenzako wamenyamaza" zetu. Mhudumu anayefoka anapunguza dawa aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Ngamiani
Hiyo mtu aibandike leba.

Kijana wa Chuda
Nimewasoma wote. Sayansi nimeelewa, shukrani mama wa Muheza. Lakini hamjajibu glavu. Nani atalinda chupa?

Mleta mada, Makorora
Haya, nalegeza. Zahanati tuziache. Ikae kituo cha afya, kabati lenye kufuli mbili na daftari la sahihi mbili. Muuguzi ndiye aipeleke nyumbani, chupa ya wiki moja, na ile ya zamani irudi. Yenyewe ni maji yaliyochujuka sana, mtu wa unga hapati anachokitaka humo.

Nesi mstaafu, Muheza
Hilo la mwisho usilitegemee, mwenye arosto, anayeteseka kwa kukosa unga, hachagui. Kufuli ziwepo. Ongeza dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana mofini inafunga tumbo na tatizo hilo haliishi kwa kuzoea. Wapo wanaoacha dawa kwa sababu hiyo tu.

Kijana wa Chuda
Na mgonjwa akifariki chupa ikiwa nusu? Msibani kila mtu anaingia na kutoka, nani anakumbuka chupa?

Nesi mstaafu, Muheza
Muuguzi anakuja kuipokea na kupima kilichobaki. Nakiri, si kila mahali hufanyika.

Kijana wa Chuda
Basi hilo liandikwe kwenye kanuni kabla ya chupa ya kwanza kutoka. Likiandikwa, nami nitasema ishuke.