Onyesho la wazi tarehe 26 Desemba Mtwara mjini: jukwaa, spika na midimu vikae vipi?

MwanaChikongola

Wakuu, habari za saa hizi.

Kikundi chetu cha maigizo kina watu 14. Tunataka kufanya onyesho la wazi tarehe 26 Desemba hapa mjini. Kiwanja ni mchanga na nyasi, urefu hatua kama 50, upana 35, hakina uzio. Ratiba tuliyoandika ni hii: saa 10 jioni vichekesho vya watoto, saa 12 sindimba na midimu (ngoma za Wamakonde; midimu huchezwa kwa kuvaa sura za kuchongwa) za kikundi kutoka Newala, saa 1 igizo letu la dakika 50, halafu muziki hadi saa 5. Tunategemea watu 400 hivi.

Vifaa tulivyonavyo ni spika mbili za inchi 15 zenye amplifaya ndani, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya chaneli 8, maiki nne za waya na taa nne za LED. Jenereta tutakodi.

Jukwaa liwe na kimo gani na lielekee wapi? Jenereta ya ukubwa gani? Na ngoma zipande jukwaani au zibaki chini? Anayejua maonyesho ya wazi ya sikukuu, ya huku kwetu au ya Lindi, naomba anieleze kwa vipimo. Ahsanteni.

---

NgomaYaJuu

Ngoma zibaki chini, mkuu. Hilo lifute kabisa kwenye karatasi yako.

Sababu ya kwanza ni ngoma zenyewe. Vinganga, zile ndogo nyembamba zinazopigwa kwa fimbo, zina mguu uliochongoka ambao huchomekwa ardhini. Ukizipandisha kwenye mbao hazina pa kusimama. Mtalazimika kuzishika au kuzifunga kwenye stuli, mpigaji atakosa nguvu na sauti itakuwa ya kopo. Sababu ya pili ni uchezaji. Sindimba na midimu ni ngoma za duara, watu wamezizunguka, waimbaji wanapokezana na waliosimama. Jukwaa linazikata upande mmoja, na nusu ya uhai wake inapotea hapo hapo.

Chora duara la mita 10 hadi 12 mbele ya jukwaa, kwenye uwazi ambao baadaye watazamaji wa igizo watakaa. Wapigaji wakae ukingoni, wakiligeuzia jukwaa mgongo. Ngoma ikiisha, wasogeze watu na mikeka mbele. Kazi hiyo inachukua dakika 10 ikiwa kuna vijana wanne waliopangiwa mapema.

Kuhusu midimu, shika haya. Mchezaji haoni kwa macho ya ile sura. Sura inavaliwa kichwa kizima kama kofia, imeinamishwa kidogo, na yeye anatazama kupitia mdomo wake. Kwa hiyo anaona kipande kidogo cha ardhi kilicho mbele yake na si kingine. Kigingi cha turubai, waya uliokatiza mchanga au chupa iliyoachwa ni kuanguka. Ondoeni vyote ndani ya duara na mita 3 nje yake. Taa ya kumulika uso kwa kimo cha kifua inamfanya asione kitu, na mwako wa kamera za simu karibu naye ni vile vile.

Pa kuvalia mjenge kwa makuti, mita 3 kwa 3, nyuma kabisa, na njia yake isipite katikati ya watu. Midimu ina uhusiano na jando, na mambo ya kuvaa hayaonyeshwi kila mtu. Kaeni na kiongozi wa kikundi, mumuulize nini kinaruhusiwa mbele ya watoto na wanawake na nini hakiruhusiwi, kisha mfuate alivyosema. Mshehereshaji asitaje jina la aliyevaa, wala asimwombe avue sura eti watu wampigie makofi. Kwa wenye ngoma hilo ni tusi.

Wakumbukeni mapema. Desemba ni likizo, unyago na jando ni vingi, na fedha za korosho zinakuwa mikononi mwa watu. Kikundi kizuri cha Newala au Tandahimba ukikitafuta Desemba utaambiwa kimeshachukuliwa. Ongeeni nao Oktoba, mtoe kianzio, mkubaliane usafiri, chakula na pa kulala. Tena mkubaliane tuzo ni za nani. Watu watatuza wachezaji, na kama hamkusema mapema kwamba hizo ni za wachezaji wenyewe (ndivyo inavyotakiwa), ugomvi utaanzia kwenye beseni la tuzo.

---

FundiSpika

Nianze na uelekeo, maana ukikosea hapo hata spika za milioni kumi hazikusaidii.

Desemba upepo huku ni kaskazi, unatoka kaskazini-mashariki. Jua linazama magharibi, limeelemea kusini kidogo, kama saa 12 na dakika 40. Weka jukwaa upande wa kaskazini-mashariki wa kiwanja, uso wake ukitazama kusini-magharibi. Upepo utabeba sauti kuipeleka kwa watu, na jua litakuwa migongoni mwao wakati wa vichekesho vya jioni. Ukigeuza kinyume, watu wa nyuma watasikia maneno yakija na kupotea, na wote watakuwa wamekinga mikono usoni. Kwa onyesho la Juni au Julai, wakati wa kusi, piga hesabu upya.

Jukwaa la watu 14 liwe mita 6 kwa 5, kimo sentimita 90, kwa kuwa wa mbele watakaa mikekani, wanaofuata kwenye mabenchi, na wa nyuma watasimama. Mbao za 2 kwa 4 zisimame kwa ubavu, sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine, juu plaiwudi ya milimita 18 iliyokazwa kwa skrubu. Misumari inalegea watu wakiruka. Mguu ukisimama moja kwa moja kwenye mchanga unazama, kwa hiyo kila mguu uwekewe kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30. Mbao za mshazari ziwe pande zote mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Wengi huweka upande mmoja tu, na jukwaa linayumba ule mwingine. Kabla ya onyesho, watu wanane wapande waruke kwa pamoja. Likitoa mlio, tafuteni unakotoka.

Jenereta: maandishi ya "wati 1000" kwenye spika yasikutishe. Spika mbili zikifanya kazi hula kama wati 600 kwa wastani, taa nne wati 600 zikiwaka kwa nguvu, mikisa na taa ndogo 200 au 300. Jumla ni kilowati moja na nusu. Jenereta ya KVA 3.5 inatoa karibu kilowati 2.8 bila kuhema, inatosha na akiba ipo. Kinachoizima ni muuza soda anayeomba kuchomeka friji na mwenye chai anayechomeka birika la umeme. Birika moja ni kilowati mbili. Mkatalieni kwa upole, lakini mkatalieni.

Usiiweke nyuma ya jukwaa. Huko ndiko upepo unakotoka, moshi na mngurumo vitakuja kwa waigizaji na kuingia kwenye maiki. Iweke ubavuni, upande wa kusini-mashariki, mita 30 kutoka jukwaani. Waya uwe wa milimita 2.5, umekunjuliwa wote. Waya ulioachwa umejiviringa kwenye roli lake unapata joto hadi plastiki inayeyuka. Petroli wekeni lita 15 na muizime kabla ya kuongeza. Spika na taa zichukue umeme sehemu moja yenye waya wa athi (unaoingia ardhini), la sivyo mtasikia mngurumo mzito usioisha ambao watu huulaumu mikisa.

Spika ziwe kwenye stendi, sehemu ya chini ya spika kwenye kimo cha mita 2 ili sauti ipite juu ya vichwa. Zisimame mita 1 mbele ya mstari wa maiki. Zikirudi nyuma ya maiki, zitapiga mluzi usiku kucha. Na msikodi spika ya tatu ya kuweka nyuma ya watu kama mikisa yenu haina kuchelewesha sauti. Kwa umbali wa mita 20 sauti ya jukwaani inafika ikiwa imechelewa karibu milisekunde 60, na aliye nyuma atasikia kila neno mara mbili.

---

PwaniYaLindi

Nakubaliana na FundiSpika isipokuwa vifaa havitaokoa hiyo ratiba. Umeweka ngoma saa 12 na igizo saa 1. Maghribi inaingia saa 12 na dakika 40 na Isha karibu saa 2. Utaanza ngoma ikatwe katikati, halafu igizo nalo lianguke kati ya sala mbili, na nusu ya watu wako watakuwa hawapo. Huu ni mji wa pwani, si jambo la kujadili.

Panga hivi: watoto saa 9 na nusu hadi saa 11, ngoma saa 11 hadi saa 12 na nusu, kila kitu kizimwe, igizo saa 2 na robo. Midimu itachezwa mchana kweupe, na hiyo inamfaa mvaaji kwa jinsi alivyoeleza NgomaYaJuu. Katikati hapo wauza mihogo na mishikaki watafanya biashara yao. Watoto wadogo watarudishwa nyumbani, nalo linasaidia, kwani mtoto anayelia kwa usingizi mbele ya jukwaa anavunja igizo kuliko spika mbovu.

Dakika 50 mfululizo ni nyingi mno kwenye uwanja usio na uzio. Watu wanaingia na kutoka, mwingine anafika dakika ya 20 na hajui nani ni nani. Likateni vipande vitatu vya dakika 12 hadi 15, kila kipande kianze na mtu anayesema wazi kilichotokea. "Baba ameuza korosho, fedha hazionekani" inatosha, ndani ya nukta chache aliyechelewa ameshaingia. Kati ya vipande wekeni wimbo mmoja wa dakika 3.

Kuzima taa ili kubadili sehemu ya igizo hakufanyi kazi nje, maana mwanga wa simu na wa vibanda upo. Tumieni mapigo matatu ya ngoma, waigizaji wabadilike mbele ya watu bila kificho. Kunong'ona hakuna. Siri isemwe kwa sauti, mwili ndio uinamie sikio la mwenzake.

Kwa maiki nne za waya: tatu kwenye stendi ukingoni mwa jukwaa, mita 2 kutoka moja hadi nyingine, ya nne ya mshehereshaji. Mwigizaji aliye umbali wa mkono mmoja anasikika, aliye mbali kwa hatua tatu hasikiki. Kwa hiyo fanyeni mazoezi mkiwa mmechora stendi chini kwa chaki, anayesema asogee mbele, asiyesema arudi nyuma. Mkianza kujifunza hilo siku ya onyesho mtagongana.

---

MwanaChikongola

Nashukuru sana wote, ratiba nimeshaibadili. Yamebaki mawili: taa zielekee vipi, na mvua ikinyesha? Vibali pia, tunaanzia wapi?

---

FundiSpika

Taa mbili kila upande, kwenye stendi za mita 3, zimulike kwa mshazari kutoka mbele kushoto na mbele kulia. Zikiwa zote katikati, nyuso zinakuwa bapa. Rangi iwe ya njano yenye joto. Bluu na kijani kwenye ngozi zetu zinafuta uso, unabaki unaona meno na shati. Tena kuna kumbikumbi. Mvua ikinyesha mchana, usiku watakuja kwa maelfu kwenye mwanga mweupe, wataingia midomoni mwa waigizaji katikati ya sentensi. Njano inawavuta kidogo. Wekeni taa moja nyeupe kali mbali, mita 25 pembeni, waende huko.

Mvua: amueni saa 8 mchana nani ana neno la mwisho la kuahirisha, awe mmoja. Viungio vyote vya waya viinuliwe kwenye matofali na kufungwa kwa nailoni, mdomo ukitazama chini. Turubai la mikisa liwe tayari limekunjwa mezani, si garini. Matone ya kwanza yakianguka, shusheni sauti, zimeni jenereta, ndipo mfunike. Watu wengi hukimbilia kufunika spika zikiwa bado zina umeme.

---

PwaniYaLindi

Vibali: anzieni kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa wiki tatu kabla, mwende na usajili wa kikundi wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa). Kisha barua polisi na nakala kwa mtendaji wa mtaa, ikiwa na tarehe, saa ya kuanza na ya kuzima muziki, idadi ya watu, na jina na simu ya mhusika mmoja. Mkipiga nyimbo zilizorekodiwa, ulizeni malipo ya hakimiliki COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na kama igizo mmelitoa kwenye kitabu, mwombeni mwandishi au mchapishaji. Kwa sheria yetu haki inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Uwanja bila uzio usiwarubuni mkasahau njia. Achieni mapito mawili ya mita 2 kutoka mbele hadi nyuma, myachore kwa chokaa, na bodaboda zisiruhusiwe kuegeshwa humo.

---

NgomaYaJuu

Nyongeza moja, kwani Desemba ina unyevu. Ngozi ya mbuzi inalegea ndani ya saa moja ya hewa ya bahari, ngoma inakuwa bubu. Wapigaji watahitaji moto wa makuti makavu kuzikaza kabla ya kuanza na kila baada ya mzunguko. Wakubalieni, lakini muwaonyeshe mahali: ubavu wa kaskazini-magharibi, upande wa pili na jenereta, mita 15 kutoka kwenye banda la kuvalia, na ndoo mbili za mchanga pembeni. Makuti yakiwaka cheche zinaruka na kaskazi, kwa hiyo watu wasikae mkondo huo. Ngozi iwe umbali wa mkono kutoka kwenye moto, izungushwe, igongwe kwa kidole hadi sauti ipande. Ikisogezwa karibu zaidi inapasuka, na ngozi mpya haiwambwi ikakauka jioni hiyo hiyo. Waambieni waje na ngoma moja ya akiba.