Tupeane uzoefu: Wauza jezi wagumu wa Mwanjelwa, Sido na Nyanda za Juu Kusini kwa ujumla

Zambarau Damu
Wakuu, heshima kwenu. Jana jioni nimetoka soko la Mwanjelwa hapa Mbeya damu inachemka, nikaona hili tulijadili. Kuna jamaa anauza mitumba ya michezo, ana jezi ya Mbeya City, ile zambarau ya 2013/14. Msimu ule ndio tumepanda Ligi Kuu, tukamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba wako chini yetu. Waliokuwa wakijazana uwanja wa Sokoine mwaka ule hawahitaji kusimuliwa.

Nikauliza bei, akasema elfu arobaini. Nikasema ishirini. Hakujibu. Akaichukua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akaikalia! Akaendelea kumenya parachichi. Nikapanda ishirini na tano, thelathini, thelathini na tano. Hapo ndipo akafungua mdomo: "Sasa ni hamsini, maana nimeona unaitaka."

Jamani, hii ni biashara gani? Mkusanyaji wa jezi huku kwetu anateseka. Lete kisa chako, na kama una mbinu ya kuwalegeza hawa watu, itoe hapa.

Binti Uyole
"Nimeona unaitaka." Hiyo kauli nimeambiwa mimi soko la Sido. Nilitaka kulia.

Mnyalukolo
Afadhali nyie mnakaliwa jezi, angalau kuna mazungumzo. Njoo Iringa. Muuzaji anataja bei mara moja tu. Ukiomba akupunguzie anakuangalia, kisha anarudi kwenye simu yake. Unaondoka polepole ukitegemea utaitwa. Haitwi mtu. Unafika mpaka stendi ya bajaji, unageuka, jamaa hata hakuangalii. Unarudi mwenyewe unalipa.

Kijana wa Mpakani
Tunduma, hapa mpakani na Zambia, ndiyo kiboko. Tulikubaliana "mia" na muuzaji wa upande huu huu wetu. Nikatoa kwacha mia, maana pale nusu ya soko inaongea kwacha. Akacheka, akasema yeye alimaanisha laki ya Tanzania. Jezi ya mtumba ya Zambia, ile ya kijani, kwapa limefumuka! Toka siku hiyo, mtu wa Tunduma akinitajia bei namuuliza kwanza ni hela ya nani.

Jicho la Kipanga
Ngoja niongee kuhusu wale wanaokutajia bei kubwa kwa sababu ya jina mgongoni, maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa.

Nilionyeshwa Arsenal yenye tangazo la O2 kifuani, ile ya enzi hawafungiki 2003/04, mgongoni Henry 14. Muuzaji anataka laki na ishirini, anaapa kwa mama yake mzazi. Jezi yenyewe ilikuwa halisi, Nike, lebo ya ndani ipo, nembo imeshonwa. Nikaigeuza. Namba za Ligi Kuu ya Uingereza zilianza kufanana kwa timu zote msimu wa 1997/98, zikabadilishwa mwonekano 2007, kisha 2017, kisha 2023. Zile za kwanza ukipitisha kidole unahisi manyoya mafupi. Hii ya jamaa ilikuwa plastiki laini inayong'aa, umbo la namba za juzi juzi hapa. Yaani mtu amechukua jezi ya mwaka 2004 akaipeleka kwa mpiga chapa wa sasa.

Nikamwonyesha kwa upole, bila kelele. Akaniambia, "Kama unajua sana fungua duka lako." Nikaondoka. Wiki iliyofuata ilikuwa haipo, kuna ndugu yetu ameshaibeba. Kama uko humu, samahani sana.

Mama K
Mimi sikusanyi, nilikuwa nanunua seti ya jezi za timu ya wanangu ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Nimebishana bei nusu siku na mzee mmoja, nikashinda, nikafurahi. Kufungua mfuko shuleni: namba 7 ziko mbili na golikipa hana jezi. Kabla ya bei hesabuni mali jamani.

Fundi Kabwe
Nilikuwa nasoma tu ila hii ya "nimeona unaitaka" imenikumbusha jambo ambalo mpaka leo moyo unanidunda. Naandika kirefu, mnivumilie.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya Mbeya ya kufungia mzura mpaka masikioni. Nilienda asubuhi sana kwa sababu nilijua kuna mtu anafungua belo, ule mzigo wa mitumba uliofungwa. Mzigo ukamwagwa juu ya turubai, tukainama watu kama saba. Mimi nikaenda upande wa singlendi, zile fulana zisizo na mikono, ambako hakuna aliyekuwa anagusa. Nikavuta kitu cha kijani. Puma kifuani, nembo ya Kameruni, haina mikono. Nikaigeuza ndani, lebo ipo, shingo haijalegea.

Wasiojua: hiyo ndiyo jezi Kameruni waliyochukulia ubingwa wa Afrika 2002 kule Mali, fainali wakaitoa Senegal kwa penalti. Walipotaka kwenda nayo Kombe la Dunia mwaka ule ule, FIFA wakakataa jezi isiyo na mikono, ikabidi washonewe mikono myeusi. Niliiona kwenye televisheni ya jirani nikiwa mtoto, Eto'o na Mboma, mabega nje. Nilidhani kitu kama kile kinaishi Ulaya kwenye makabati ya vioo.

Nikamuuliza muuzaji, "Hizi singlendi bei gani?" Akasema tatu, chagua yoyote. Nikatoa elfu tano. Akaipokea, akaiweka mfukoni, akaanza kutafuta chenji. Sasa angalieni bahati yangu. Kijana mmoja pembeni yangu, sijui katokea wapi, akapaza sauti: "Oyaa! Hiyo si ile ya Kameruni iliyopigwa marufuku?"

Muuzaji mkono ukasimama mfukoni. Akaniambia, "Hebu niione." Nikamwambia chenji yangu kwanza. Akasema, "Nione kwanza." Akaishika upande mmoja, mimi upande mwingine. Akatoa simu kwa mkono wa kushoto, akaandika, akanigeuzia kioo. Bei ya Marekani, dola mia na zaidi. "Hii laki tatu," akasema. "Elfu tano yako hii hapa."

Nikakataa kuipokea. Nikamwambia umetaja bei, nimelipa, umepokea, mali ni yangu. Akasema chenji hajatoa kwa hiyo biashara haijaisha. Nikamwambia basi chenji baki nayo! Watu wakajaa. Wengine "mpe jezi yake", wengine "bado ya muuzaji, mteja hajatoka nayo". Kijana aliyepaza sauti naye anasema anatoa hamsini papo hapo. Nilitamani ardhi impasukie.

Akaja mzee wa kibanda cha tatu, mtu wa makamo anayeuza makoti, anaheshimika safu ile. Akauliza swali moja tu: "Pesa ilishaingia mfukoni kabla ya maneno haya?" Watu wakasema ndiyo. Akamwambia muuzaji, "Mwanangu, mpe mtu mali yake. Kesho nani atalipia kwako akiwa na amani?" Kisha akanigeukia, akaniambia niongeze chochote cha kumtuliza moyo. Nikaongeza elfu kumi na tano. Tukapeana mikono. Yule muuzaji alikuwa anatetemeka, na mimi natetemeka.

Binti Uyole
Yaani nimesoma nimesimama.

Kijana wa Mpakani
Huyo aliyepaza sauti ndiye adui wa wakusanyaji wote duniani. Ukijua kitu sokoni, funga mdomo!

Muuza Mtumba
Nimekaa kimya toka juu, sasa nami niseme kwa sababu mnatusema kama wezi.

Belo la kilo 45 halionjwi. Unalipa, unakata mkanda, ndipo unajua Mungu amekupangia nini. Nje limeandikwa jezi. Ndani unakuta bukta za watoto, soksi za mguu mmoja, jezi za timu za vijijini Ujerumani zenye tangazo la bucha. Nani Mbeya atavaa tangazo la bucha la Kijerumani? Ile jezi moja ya maana ndiyo inalipia takataka zote, ushuru na kibanda. Halafu unakuja unanitajia elfu tano huku umeishikilia kwa mikono miwili.

Na mkumbuke wengi wetu tumeungua. Mwanjelwa 2006 soko liliteketea, watu wakahamia Sido kuanza upya, na Sido nayo ikaungua 2017. Mtu aliyepoteza mtaji mara mbili huwezi kumlazimisha acheke na kila mteja.

Huyo wa Kameruni mimi ningerudisha pesa. Ni haki yangu.

Fundi Kabwe
@Muuza Mtumba kaka, pole kwa moto, hilo nalisema kwa dhati, hata cherehani ya mjomba wangu ilibaki mule. Lakini pesa ulishaipokea. Ungerudisha kwa haki ipi?

Msomi wa Mafinga
Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inakubali mkataba wa mdomo. Bei imetajwa, imekubaliwa, pesa imepokelewa, mauzo yamefanyika. Mzee wa makoti alitoa hukumu sahihi bila kusoma sheria. Hata ile kumi na tano ilikuwa hisani.

Muuza Mtumba
Sheria njoo nayo saa kumi na mbili asubuhi kwenye turubai tuone.

Msomi wa Mafinga
Nitakuja.

Zambarau Damu
Wakuu tusigombane, wote tunahitajiana. Turudi kwenye mbinu. Hili la kuonyeshwa bei za mtandaoni mnalijibuje? Siku hizi kila muuzaji ana bando.

Jicho la Kipanga
Bei anayokuonyesha ni bei ambayo mtu anaomba. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja uone vitu vilivyokwisha kuuzwa tu. Mwombe simu kwa adabu, mfungulie hapo. Mara nyingi ni nusu, au chini ya nusu. Na hiyo bei ni ya mtu aliye Marekani, hali ya jezi imeelezwa, ana haki ya kurudisha. Wewe hapa unanunua na doa la mchuzi.

Binti Uyole
Mbinu yangu: nashika nguo tatu nisizozitaka na moja ninayoitaka, nauliza bei ya zote nne, halafu naanza kupunguza moja moja. Ile ninayoitaka inabaki mwisho kama vile imesahaulika.

Muuza Mtumba
Tunaijua hiyo dada yangu. Jicho lako linaenda kwenye ile ile kila dakika.

Mnyalukolo
Mimi nasema msizungushe. Mwambie ukweli kwamba unaipenda, taja hela uliyonayo, muonyeshe noti. Noti mkononi zinaongea kuliko mdomo.

Kijana wa Mpakani
Usithubutu! Ukimwambia unaipenda umekwisha. Ponda tu: rangi imepauka, saizi ndogo, timu yenyewe imeshashuka daraja.

Mama K
Nenda jioni wakifunga, wamechoka wanataka nauli.

Fundi Kabwe
Jioni unakuta bukta. Nenda asubuhi, mwambie umfungulie biashara. Mteja wa kwanza wengi hawapendi kumpoteza.

Mwananchi wa Mbarali
Nina jezi ya Ihefu, iliyokuwa timu yetu ya huku Mbarali, ile ya 29 Novemba 2022, siku Yanga walipofungwa 2-1 uwanja wa Highland Estate na rekodi yao ya mechi 49 bila kufungwa ikaishia Ubaruku. Imechezewa kabisa. Aliye tayari aseme.

Zambarau Damu
Imechezewa na nani? Una uthibitisho gani?

Mwananchi wa Mbarali
Ina majani.

Jicho la Kipanga
Majani hata ng'ombe wa Mbarali wanayo. Weka picha ya mechi siku ile uoanishe na jezi: nembo ilivyokaa, mkunjo wa namba, mshono uliopinda. Vikifanana tutaongea pesa. Bila hivyo ni jezi ya kawaida.

Damu ya Jangwani
Nani kaleta habari za Ihefu humu? Timu yenyewe ilishahamia Singida na jina ikabadilisha. Tuheshimiane.

Mwananchi wa Mbarali
Timu imehama, matokeo hayajahama.

Muuza Mtumba
Mnaona? Na nyie mnauziana kwa maneno matupu kama mnavyotulaumu sisi. Mimi nawapa siri moja bure. Mteja anayenikera ni yule anayebishana bei nusu saa, nikikubali anasema "nakuja". Haji. Huyo akirudi siku nyingine nampandishia makusudi, na safu nzima tunaambiana. Lakini mteja anayelipa tukishakubaliana, namwekea mzigo pembeni kabla haujafika kwenye turubai. Nina wateja wa aina hiyo Tukuyu, Makambako na Njombe. Wananipigia, natuma kwa basi, hakuna aliyewahi kunikaba.

Binti Uyole
@Muuza Mtumba kumbe una roho nzuri. Unafungua belo siku gani?

Muuza Mtumba
Mzigo unapofika. Nitumie ujumbe pembeni, nitakushtua. Ila usije na zile nguo tatu.

Mnyalukolo
@Fundi Kabwe ile Kameruni bado unayo? Sitaki kununua. Naomba picha ya lebo ya ndani na mshono wa bega. Kuna jamaa Miyomboni hapa Iringa ana inayofanana, anataka laki na hashuki hata mia.

Fundi Kabwe
Ninayo. Nitaipiga kesho mchana mwanga ukiwa mzuri. Mwangalizie kwapani: kama kuna alama ya mkasi na pindo limeshonwa kwa mkono, huyo amekata mikono ya jezi nyingine. Mimi ni fundi, nimeshaletewa kazi ya namna hiyo nikakataa. Usimpe hata senti kabla hujaiona picha yangu.