Mrejesho: vijiko na riale za fedha kwenye mnada

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa: vyombo vya fedha na riale za Maria Theresa (sarafu za fedha za Austria) vipelekwe kwenye mnada hapa Dar vikiwa fungu moja au mbalimbali? Mbalimbali, tena baada ya kupima kwa mizani ya sonara.

Vijiko vyenye muhuri wa EPNS ni shaba na nikeli iliyopakwa fedha; havina bei ya uzito. Vyenye 925 (yaani fedha 925 kwa 1,000), au muhuri wa Uingereza wa simba anayetembea, vina fungu lao. Visu vimewekwa kando: mipini huwa mitupu na hujazwa lami, ukivijumlisha kwenye uzito unajidanganya.

Riale hizi karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya 20, kwa hiyo mwaka hausemi umri. Halali ina gramu 28.07, fedha 833 kwa 1,000, yaani gramu 23.4 za fedha tupu. Ikipungua sana, itilie shaka. Na jamani, msizisugue kwa majivu! Ule weusi ndio mnunuzi anautafuta.

Kwa dalali, andikishianeni bei ya chini, kamisheni, na nani analipia kisichouzika. Mlango wa kuchonga haukupelekwa: wa kabla ya 1940 unaguswa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.