Sabini ni sabini?! Huyu dada wa ngozi wa Sinza atatumaliza

Goti la Jumamosi (mleta uzi)

Wakuu, naandika nimesimama kituo cha Shekilango, mikono inatetemeka, herufi zikipishana mnisamehe. Nimetoka kwa YULE dada wa ngozi sasa hivi. Simtaji. Mnamjua. Kope mpya kila mwezi, na nusu ya wanachama humu anawadai.

Mnajua goti langu tangu lilipogoma kwenye joging, na hivi vipele vya kinyozi shingoni vimenifanya nionekane nanasi. Nikaambiwa kuna kichupa kimoja kinashughulikia vyote, mchanganyiko wa peptaidi (vipande vidogo vya protini) wa kujichoma sindano. Nikasoma wiki mbili. Nikanunua kaunta buku, nikapiga safu: tarehe, kipimo, sehemu niliyochoma, goti, ngozi. Picha ya shingo kila Jumapili, dirisha lile lile, saa ile ile.

Nafika, anatoa kichupa cha poda ya bluu. Bluu sawa, ndiyo shaba ya GHK-Cu, peptaidi mojawapo humo. Lebo imeandikwa 70, basi. Nikauliza kwa adabu zote alizonifunza bibi: dada, sabini ya nini? Maana mchanganyiko wa sabini unaouzwa sana ni GHK-Cu miligramu 50, BPC-157 miligramu 10 na TB-500 miligramu 10. Hicho cha kwake hakisemi chochote.

Akaniangalia kama nimempa konda noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi. Mbele ya wateja SITA akasema: "Anko, sabini ni sabini. Unataka ngozi au unataka mtihani?"

Kulikuwa na mama kapakwa udongo usoni, kaambiwa asitikise mdomo. Alicheka udongo ukadondoka vipande.

Sabini ni sabini! Nikameza. Nikauliza maji ya kuyeyushia mililita ngapi. "Yanayotosha." Tunasonga ugali? Halafu eti nivute mistari kumi. Jamani, sindano ya insulini ina mistari 100 kwa mililita moja. Ukiyeyusha hiyo sabini kwa mililita 2, mistari kumi ni miligramu 3.5. Ukiyeyusha kwa mililita 3.5, mistari kumi hiyo hiyo ni miligramu 2. Kwenye daftari niandike nini, "leo nimechoma yanayotosha"?

Na kichupa alikitoa kwenye friji la soda, kimelala ubavuni mwa dagaa.

Laki mbili na nusu nilishatuma kwa simu. Kichupa nimemwachia, hela hairudi. Anko! Nina miaka 37!

Mtoto wa Tandale

Kwa hiyo kilichouma ni anko 😂😂

Bi Mkora

Nimekuja na mkeka, sogeeni. Mama wa udongo ndiye shujaa wangu leo.

Kidonge Kimoja

Nauza duka la dawa, naomba niongee kidogo. Mkuu, tatizo halianzii kwenye mistari. BPC-157, FDA (mamlaka ya dawa ya Marekani) haijaiidhinisha kuwa dawa ya binadamu, na majaribio mengi ni ya panya. WADA, wale wanaopambana na dawa haramu michezoni duniani, wameipiga marufuku kwa wanamichezo tangu 2022, na TB-500 nayo imo kwenye orodha. GHK-Cu ya kupaka imo kwenye krimu za watu siku nyingi, ya kuchoma ni habari nyingine. Halafu unachoma vitatu kwa mkupuo, ukivimba utajua ni kipi? Huwezi kupunguza kimoja ukaacha vingine. Huyo dada muulize usajili wa TMDA, mamlaka yetu ya dawa, uone kama hajafunga duka.

Goti la Jumamosi

Nimekuelewa mkuu, ila hukuwepo. Sabini ni sabini! Mbele ya watu tisa!

Mtoto wa Tandale

Walikuwa sita.

Bi Mkora

Tisa ni tisa, anko.

Chuma Chakavu

Mtu mzima ana kaunta buku la vipele. Mimi goti langu nakanda na maji ya moto na chumvi, na daftari sina.

Shemeji wa Watu

Afadhali wewe umejibiwa. Kuna fundi cherehani huku Mbagala, simtaji, kitambaa changu anacho tangu Idi. Kila nikipiga simu: "Shemeji imebaki vifungo tu." Juzi nimemkuta mtu kituoni kavaa suruali YANGU.

Bi Mkora

Ya kijivu ina mshono pembeni?

Shemeji wa Watu

Wewe umejuaje?

Bi Mkora

Mume wangu kaazimwa na fundi wake aendee harusini.

Goti la Jumamosi

Jamani turudi kwenye mada, laki mbili na nusu yangu

Chuma Chakavu

Subiri kidogo anko. Bi Mkora, hiyo suruali inarudi lini?

Mtoto wa Tandale

Imebaki vifungo tu 😂