Kikundi cha Ukoo: jiwe la vidole saba

Zuhura: Asalaam aleikum nyote. Jana tulikwenda kuona lile Jiwe la Judaculla, North Carolina. Picha hizo 📷📷📷📷

Nyanya: Waaleikum salaam mjukuu wangu. Mbona naona jiwe tu?

Yusuf: Nami naona jiwe 😂

Zuhura: Na sisi tulisema hivyo hivyo! Saa tatu za gari kutoka Charlotte, tukafika jua la utosini, hakuna tulichoona. Watoto wakanuna. Tukaenda kula, tukarudi saa kumi na moja. Jua lilipoinama vivuli vikaingia kwenye mikwaruzo, jiwe zima likajaa michoro. Tazameni ya nne.

Mjomba Salim: Hilo jiwe la Kisii hilo.

Yusuf: Mjomba, ni Marekani 🤣

Mjomba Salim: Nina macho. Nasema aina yake. Miaka ishirini nauza vinyago, nisilijue jiwe la sabuni?

Zuhura: Ndilo lenyewe mjomba! Limeandikwa kwenye bango.

Mjomba Salim: Basi hizo duara kubwa za pembeni si michoro. Pamebanduliwa bakuli hapo. Unalichonga lingali mwambani, mdomo chini, kisha unalikata shingo.

Zuhura: Subhanallah. Ndivyo hasa. Waliochonga mabakuli walitangulia kwa maelfu ya miaka, michoro ikaja baadaye. Imehesabiwa, inapita 1,500.

Nyanya: Mabakuli ya mawe, ya kupikia?

Mjomba Salim: Yapikiwa mama. Jiwe hilo halipasuki kwa moto.

Shangazi Mwanaisha: Na huo mkono chini kulia?

Zuhura: Huo wa Judaculla. Kwa Wacherokee, wenyeji wa asili wa huku, ni jitu, mwenye wanyama wote wa mwituni. Huwindi bila radhi yake. Aliruka kutoka mlimani kwake, akatua hapo, akajishikiza na jiwe. Hesabuni vidole.

Yusuf: Saba!!

Nyanya: Astaghfirullah. Msimtaje usiku.

Zuhura: Huku adhuhuri Nyanya 😂

Yusuf: Na michoro yasemaje?

Zuhura: Kila mtu na lake. Wako wasemao ni ramani ya nchi ya huyo jitu.

Shangazi Mwanaisha: Na hao Wacherokee wenyewe wapo bado, au wamekwisha?

Zuhura: Wapo, shangazi. Mwaka 1838 jeshi liliwafukuza wengi kwenda magharibi, wakafa kwa maelfu njiani. Wengine walibaki milimani humo humo. Tulipita mji wao, Cherokee: majina ya barabara yameandikwa kwa hati yao, ile aliyoibuni Mcherokee mmoja, Sequoyah, 1821. Binti yangu alinakili jina moja kwenye daftari, hajui lasemaje.

Mjomba Salim: Jiwe mmeligusa?

Zuhura: Hapana, ni marufuku. Kuna jukwaa la mbao limelizunguka, unatazama kutoka juu.

Mjomba Salim: Afadhali. Kuna kifaru wangu pale dukani, wateja wanampapasa tu hawanunui. Pembe imebaki kama kidole gumba.

Nyanya: Hao watoto walikula nini?

Zuhura: Chipsi, Nyanya.

Nyanya: Safari yote hiyo, chipsi.