Mrejesho: sailensa ya injini ya mashua, Lamu

Shukrani wadau. Swali lilikuwa: paipu ya ekzosi ya injini ya dizeli ya silinda moja ikatwe nyuzi (mifereji kama ya skrubu, ya kufungia sailensa), au sailensa ichomelewe moja kwa moja? Nyuzi zimeshinda. Chumvi huila sailensa mapema, na ya kufungua hubadilishwa bila kutafuta mtu wa kuchomea.

Paipu ni ya inchi moja na nusu, nyuzi 11 kwa inchi. Ukataji huo hula karibu milimita 1.5 za chuma, kwa hiyo paipu yenye unene wa milimita 2 isifike hata kwa fundi: linabaki ganda, na mtikisiko hulikata palepale nyuzi zinapoishia. Chukua ya 3.2. Wakati wa kukata, mafuta yasikauke kwenye dai (kifaa cha kukatia nyuzi), la sivyo nyuzi zitachanika.

Tepu nyeupe ya mabomba ya maji sahau, huharibika kwa joto; paka grisi ya grafaiti.

Tundu la sailensa lisiwe dogo kuliko la ekzosi, ama utapata moshi mweusi na injini kupoteza nguvu. Uzito wake ubebwe na bano lililofungwa kwenye injini yenyewe. Ukilifunga kwenye ubao wa mashua, injini hucheza na ubao hauchezi, na nyuzi ndizo zinazopasuka.